Magamba ya Samaki

Bahasha ilipofika niliidhani tupu. Niliikung'uta juu ya meza, nikaichungulia, nikaikung'uta tena. Ilibidi niichane pande zote nne ndipo nikakiona, kimejibana kwenye kona ambako gundi ilikuwa imekunjamana: kipande cha fedha kisichofikia upana wa ukucha wa kidole changu cha mwisho. Nilikinyanyua kwa ncha ya kisu. Nilitaka kukipuliza vumbi, nikaacha, maana pumzi ile ingetosha kukipeperusha hadi chini ya kabati.

Ilikuwa nusu oboli, sarafu ndogo ya fedha ya Kyzikos, mji wa Wagiriki wa kale uliokuwa kando ya Bahari ya Marmara, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Ilifuliwa karne ya 5 kabla ya Kristo, na mizani yangu ilisema gramu 0.37. Kwa macho matupu niliona doa la kijivu lenye vinundu. Nilipoweka lenzi, doa likageuka nguruwe mwitu anayekimbia kuelekea kushoto, nusu yake ya mbele tu, nywele za shingo zimesimama, na nyuma ya mgongo wake amesimama wima samaki jodari. Upande wa pili palikuwa na kichwa cha simba, kinywa wazi, ndani ya kishimo cha mraba. Jodari alikuwa alama ya mji huo kwa sababu kila mwaka makundi ya samaki hao yalipita katika maji yale, yakienda na kurudi Bahari Nyeusi, na Kyzikos ilineemeka kwa safari hiyo. Kwa hiyo zaidi ya miaka 2,400 kabla yangu kuna fundi aliyeinama juu ya chapa akachonga jicho la nguruwe, dogo kama tundu la sindano, akijua kwamba mnunuzi wa mboga sokoni hatalitazama. Akalichonga hata hivyo. Usiku ule sikulala mapema.

Kabla ya bahasha hiyo nilikuwa mkusanyaji wa sarafu kubwa, kama wengi tunavyoanza. Sarafu kubwa ya fedha haihitaji maelezo. Mgeni akija unampa aishike, inajaa kiganjani, anasema inapendeza, mnaendelea na mazungumzo mengine. Watawala walizifua ili ziwasemee: uso wa mfalme, vyeo vyake, ngao ya ukoo wake. Sweden ilifika hadi kutoa mabamba ya shaba badala ya sarafu, na bamba la daler 10 la mwaka 1644 linakaribia kilo 20. Lakini baada ya nguruwe yule nilianza kuziona zangu kama watu wanaopaza sauti chumbani. Miezi michache baadaye niliuza nusu ya mkusanyiko nikajiwekea sharti la upana usiozidi milimita 15. Nimelishika sharti hilo miaka 11 sasa. Karibu yote ninayoyajua kuhusu kazi hii nimeyajua ndani ya miaka hiyo, na mengi nimeyajua kwa kuharibu.

Ya kwanza kuiharibu ilikuwa senti tatu ya fedha ya Marekani. Mwaka 1851 gharama ya kutuma barua nchini humo ilishushwa kutoka senti tano hadi tatu, na serikali ikatoa sarafu ya senti tatu ili watu wanunue stempu bila kusumbuka na chenji. Wakati huohuo dhahabu ya California ilikuwa imefurika, fedha ikapanda thamani ikilinganishwa nayo, na watu walikuwa wakiyeyusha sarafu za fedha au kuziuza nje ya nchi. Ndiyo maana hii ya senti tatu ilitengenezwa kwa fedha ya asilimia 75 tu, ili atakayeiyeyusha asipate faida. Upana wake ni milimita 14, uzito gramu 0.8, nayo ni nyembamba ajabu. Upande mmoja una nyota yenye ngao katikati, upande wa pili herufi C imezikumbatia alama tatu za Kirumi, III. Watu waliiita gamba la samaki. Ukiishika kwenye mwanga utaelewa.

Yangu ilikuwa ya mwaka 1852, imevaa utando mweusi wenye wekundu na samawati kuelekea ukingoni. Nikaiona chafu. Nikachukua dawa ya meno na kitambaa laini, nikaisugua kwa dakika tatu, labda nne. Ikang'aa kama kijiko. Kisha nikaiweka chini ya lenzi, nikaona kwamba mistari ya ncha za nyota imefutika na ngao imebaki kivuli. Sarafu kubwa ukiisugua hivyo utaitoa ngozi, mwili ubaki. Hii ilikuwa ngozi tupu.

Nilimpelekea mzee mmoja aliyekuwa akikusanya tangu kabla sijazaliwa. Aliigeuza mara mbili kwa kibano, akaivuta lenzi karibu na jicho, akanyamaza muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "weusi ule ulikuwa nguo yake. Umemvua, na nyingine hana."

Sikujibu. Ninayo mpaka leo, katika kijisanduku cha peke yake, na kila ninapotaka kusafisha kitu huanza kwa kuifungua hiyo. Mara nyingi sisafishi. Udongo mgumu nautoa kwa maji yaliyochujwa na subira: sarafu inalowekwa usiku kucha, maji yanabadilishwa asubuhi, hata kwa wiki tatu, na ncha ya kijiti cha mbao inatumika pale tu udongo ulipolegea wenyewe.

Kosa la pili lilikuja polepole, nalo liliniuma zaidi. Nilikuwa nimenunua albamu yenye mifuko laini ya plastiki, inayonukia kama mwanasesere mpya, nikapanga humo vipande kama 30. Baada ya miaka miwili niliona vingine vimevaa utando wa kijani unaonata. Plastiki ile ilikuwa ya aina ya PVC. Kadiri inavyozeeka inatoa vilainishi vyake na tindikali kidogo, na vyote viwili vinatua juu ya metali. Zile za fedha niliziokoa kwa kuziloweka katika asetoni safi, ndani ya bakuli la kioo, dirisha wazi na moto mbali kabisa. Asetoni huyeyusha utando bila kuigusa metali. Za shaba nilikuwa nimechelewa. Utando ulipotoka, chini yake palikuwa na vishimo kama uso wa aliyeugua ndui. Tangu hapo natumia plastiki ngumu isiyonukia na vifuko vya Mylar, yaani plastiki ya poliesta. Pua ni kipimo kizuri kuliko maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti; plastiki ikinukia, sarafu haingii.

Mojawapo ya zile za shaba ilikuwa robo ya fadhingi ya Uingereza, na kuipoteza ndiko kulikonifanya niisome vizuri. Fadhingi yenyewe ni robo ya peni. Sasa mwaka 1839, kisha tena kati ya 1851 na 1853, Uingereza ilifua robo ya hiyo robo, upana milimita 13.5, uso wa Malkia Victoria akiwa kijana, kwa ajili ya koloni la Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Zilihitajika 3,840 ndipo zifike pauni moja. Nilikuwa nimeichukulia kama kioja. Lakini nilipokuwa nikikokotoa hesabu hiyo kwenye karatasi, swali lilinijia ambalo halijanitoka tena: nani alikuwa na haja nayo? Tajiri hakuwa nayo. Karani wa ofisi hakuwa nayo. Alikuwapo mtu ambaye manunuzi yake ya siku yalikuwa madogo kiasi kwamba fadhingi nzima ilikuwa kubwa mno, na asipopata kipande kidogo zaidi alilazimika ama kununua asichohitaji ama kukosa kabisa.

Tangu siku ile sarafu ikifika sianzi kuuliza ni adimu kiasi gani. Nauliza ilinunua nini, na ilikuwa katika mkono wa nani.

Swali hilo lilinifungulia mengi. Huko Uingereza, kabla ya sarafu ndogo kuwepo, peni ya fedha ilikuwa ikikatwa kwa mkasi vipande viwili au vinne ili kupata chenji. Mfalme Edward I ndiye aliyetoa fadhingi za duara, mwaka 1279, na zile ninazoziona kwenye picha za mnada ni vijiduara vinavyoweza kupotea katika mkunjo wa kiganja. Kule Athens drakma moja ilikuwa na oboli sita. Karne ya 5 kabla ya Kristo, raia aliyekaa siku nzima mahakamani kama mmoja wa waamuzi alilipwa oboli tatu. Lakini walikuwa na robo ya oboli, uzito kama gramu 0.18. Ukigawanya, siku ya mwamuzi ilikuwa na vipande 12 vya namna hiyo. Kumbe kulikuwa na vitu sokoni vya bei ya sehemu moja kati ya 12 ya posho ya siku, tena vikinunuliwa kila siku, la sivyo hakuna ambaye angejisumbua kufua chenye ukubwa huo. Kugonga robo ya oboli kulimgharimu fundi jasho lilelile la kugonga sarafu kubwa: kuipima, kuipasha moto, kuilaza kwenye chapa, nyundo. Labda na zaidi, maana vidole havina pa kushika. Wagiriki wa zamani hizo walikuwa na desturi ya kubeba sarafu hizi mdomoni, kati ya shavu na fizi, walipokwenda sokoni. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilishangaa. Baada ya kuzishika kwa miaka kadhaa sioni mahali pengine pa kuziweka.

Naweza kuzungumza kuhusu kopeki za Urusi hadi kesho, na nikiambiwa nibaki na kundi moja tu katika yote niliyonayo, nitabaki na hizo. Zilianza katika mageuzi ya fedha ya mwaka 1535, wakati Elena Glinskaya akitawala kwa niaba ya mwanawe mdogo Ivan, atakayekuja kuitwa Ivan wa Kutisha. Mafundi hawakukata duara kutoka kwenye bamba. Walivuta waya wa fedha, wakaukata vipande vifupi vyenye uzito sawa, wakavibapa kwa nyundo, wakavigonga chapa. Ndiyo maana kopeki hizo si za duara. Zina umbo la tone, la mbegu ya tikiti, na Warusi wenyewe huziita magamba. Watu wawili wasiofahamiana, mmoja Moscow na mwingine Philadelphia kule Marekani, walitazama fedha nyembamba iliyolala kiganjani wakafikiria samaki yuleyule.

Upande mmoja una mpanda farasi mwenye mkuki, na jina kopeki linahusishwa na mkuki huo, kopyo. Upande wa pili una maandishi, jina na cheo cha mtawala, tsar, yaani mfalme. Lakini chapa ilikuwa kubwa kuliko kipande cha waya, kwa hiyo kila kopeki ilibeba sehemu tu ya maneno. Nina 14 za tsar Peter Mkuu. Moja ina "tsar na", nyingine inaanzia katikati ya jina lake, nyingine ina mkia wa jina la baba yake na kipande cha neno Urusi. Jioni moja nilizipanga mezani zikipishana, hii ikianza ilipoishia ile, hadi maandishi yote yakasomeka mwanzo mpaka mwisho: tsar na mtemi mkuu Peter Alekseyevich wa Urusi yote. Zilihitajika tisa. Sijui kama kuna raha nyingine inayolingana na hiyo katika ukusanyaji. Kila moja peke yake ni bubu. Zikikaa pamoja zinatoa ushahidi kama majirani waliokutana barazani, kila mmoja akiwa ameona kipande.

Uzito nao una hadithi. Ile ya mwanzo ilikuwa gramu 0.68. Ya Peter ilikuwa imeshuka hadi gramu 0.28, na hapo ndipo hesabu yake ilipokaa sawa, kwani mwaka 1704 alitoa rubli kubwa ya fedha ya gramu 28, yenye kopeki 100 kamili. Magamba ya fedha yaliendelea kufuliwa hadi 1718. Mimi ninazo za wafalme wanne, na nikizipanga kwa miaka naona vile mkono wa serikali ulivyokuwa ukimega kidogokidogo kutoka kwenye kile kilichokuwa kidogo tayari.

Kuna kipindi ambacho haikumega tena, ilibadilisha metali kabisa. Tsar Aleksei, baba yake Peter, alikuwa vitani na fedha zilimpungukia. Akaagiza kopeki za shaba, umbo lilelile, chapa ileile, zihesabiwe sawa na za fedha. Wanajeshi wakalipwa shaba. Kodi ikadaiwa fedha. Bei zikapaa, na mwaka 1662 watu wa Moscow wakainuka, wakaandamana hadi Kolomenskoye alikokuwa mfalme, wakazimwa kwa damu. Mwaka uliofuata shaba iliondolewa. Ninayo moja ya hizo za shaba, imeliwa ukingoni, mpanda farasi haonekani isipokuwa miguu ya farasi. Sijaisafisha wala sitaisafisha. Huwa naiweka kiganjani nikimfikiria askari aliyehesabiwa lundo la hizi kama mshahara, akazipeleka kwa muuza nafaka, muuza nafaka akamtazama usoni.

Niseme kidogo juu ya za bandia, maana anayeanza hudhani hakuna wa kughushi kitu kidogo hivi. Wapo, tena wengi, kwa sababu wanunuzi wengi hawatumii lenzi. Nilinunua nusu oboli mbili za Kyzikos kwa wauzaji tofauti, zimepishana kama nusu mwaka. Nilipoziweka pamoja niliona zina mpasuko uleule mdogo ukingoni, pale mshale wa saa unapoelekea saa nane. Mbili za kweli zinaweza kutoka chapa moja, lakini hazipasuki mahali pamoja, kwa sababu kila kipande cha fedha kiligongwa kivyake na nyundo ikatua kivyake. Mpasuko uliofanana ulikuwa wa kalibu, yaani zilimiminwa, hazikugongwa. Nilipokuza zaidi nikaona vipovu kwenye uwanda, mahali ambapo fedha iliyogongwa huwa imebanwa ikalainika. Siku hizi kila ninachofikiria kununua naweka picha yake kando ya picha nyingi za aina hiyo, nikitafuta mapacha.

Vifaa navyo havihitaji makubwa. Lenzi inayokuza mara 10, mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu na yenye kifuniko cha kuzuia upepo, kibano chenye ncha zilizovikwa plastiki. Na sinia lenye kingo, jeupe. Nilianza na kitambaa cheusi cha mahameli kwa sababu picha zinapendeza juu yake, lakini nyuzi zake zinameza kila kitu chini ya milimita nane. Nilitumia jioni nzima nikipekua nyuzi kwa pini. Sinia jeupe halifichi.

Wakati mmoja nilinunua kwa uzito kifuko cha numi za Roma ya mwisho, vidonge vya shaba vya karne ya 5, kama 200, vingi chini ya gramu moja. Katika miaka ile hivi ndivyo vilivyokuwa karibu shaba yote iliyomfikia mtu wa kawaida, na kununua chochote cha maana kulihitaji konzi tele. Mwaka 498 Kaisari Anastasius alileta nafuu kwa kutoa sarafu kubwa ya shaba yenye herufi M, ambayo kwa hesabu ya Kigiriki ni 40, yaani numi 40 ndani ya kipande kimoja. Namwelewa kabisa. Katika 200 zangu niliweza kutambua kama 60. Nyingine zina msalaba, nyingine umbo la mtu aliyesimama ambaye amebaki kiwiliwili. Kumi na moja zilitoa unga wa kijani hafifu wiki chache baada ya kufika, na unga huo ukirudi baada ya kufutwa si uchafu tena, ni ugonjwa. Chumvi za ardhini zilizomo ndani ya shaba zinapokutana na unyevu wa hewa zinaila sarafu kutoka ndani. Nilizitenga, nikazikausha, nikaziweka katika chupa iliyofungwa pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu. Nane zimetulia. Tatu zimekuwa unga.

Ninazozitamani na sijazipata ni nyingi, na sihuzuniki sana. Panama ilitoa mwaka 1904 sarafu ya sentesimo mbili na nusu, fedha, milimita 10 kamili, ambayo watu waliiita kidonge. Nimeikosa mnadani mara mbili. Kutoka Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, zilichimbuliwa mwaka 1984 zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogondogo, za karne nyingi kabla ya meli za Wareno kufika, zenye maandishi ya Kiarabu yaliyotungwa kwa vina: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayofuatana nalo kwa sauti. Ushairi juu ya kitu cha ukubwa ule! Hizo siombi kuzimiliki. Zikae pamoja kama zilivyokutwa, wasomi wazisome. Ninachotaka ni kuziona kwa macho yangu, mara moja, kwa karibu.

Na ipo robo ya jawa ya Nepal, ya fedha, iliyotoka Kathmandu karibu mwaka 1740 enzi za mfalme Jaya Prakash Malla. Hakuna nyepesi kuliko hiyo katika sarafu zote zinazojulikana. Gramu 0.002. Zinahitajika kama 14,000 kufikia aunsi moja. Walikuwa wakigonga chapa kwenye bamba jembamba la fedha kisha wakilikata vipande. Uswisi nayo ilitoa mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya milimita 2.96 yenye uso wa Einstein akitoa ulimi, vipande 999. Ni kazi ya ustadi mkubwa na naiheshimu, lakini sikuitafuta hata siku moja. Haikununua chochote. Robo ya jawa ilimfuata mtu sokoni.

Za mwisho kuingia sandukuni kwangu ni fanamu za dhahabu kutoka kusini mwa India, 11, zilizokusanyika moja moja kwa miaka minne. Upana milimita saba au nane, uzito karibu gramu 0.35 kila moja. Zina mistari iliyopinda na vitone ambavyo wachongaji waliviiga kizazi hadi kizazi mpaka picha ya asili ikasahaulika. Dhahabu ina thamani kubwa, kwa hiyo ili iwe pesa ya matumizi ilibidi ikatwe hadi hapo, kiasi kwamba vidole vya mtu mzima haviwezi kuihesabu. Wafanyabiashara wa huko walikuwa na dawa yake, ubao wenye safu za vishimo, kila kishimo cha kutosha fanamu moja. Walimwaga sarafu juu ya ubao, wakautikisa, wakapangusa zilizozidi. Hawakuhesabu sarafu, walitazama kama ubao umejaa.

Nikatengeneza ubao wangu. Kipande cha mbao ngumu, vishimo 12 vya kina cha milimita moja, nikavilainisha kwa msasa hadi visishike. Binti yangu, ana miaka tisa, aliniomba amwage yeye. Nikamwachia. Zilianguka kwa sauti ndogo, kama mvua ya kwanza juu ya jani, na alipoutikisa ubao zikaanza kuteleza kutafuta mahali, moja ikitua, nyingine ikiruka shimo lililojaa na kwenda lililo tupu. Sikuwahi kuziona zikitembea. Kwa miaka minne zilikuwa zimelala katika vifuko.

Ubao ulipotulia, vishimo viwili vilikuwa wazi.

"Baba, umesema kitabaki kimoja."

Nikahesabu. Kumi. Tukatazama sinia, tukatazama sakafu, nikainua ukingo wa mkeka taratibu huku moyo ukienda mbio. Yeye hakuwa akitafuta. Alikuwa amefungua kiganja chake cha kulia, ametulia tuli, haongei wala hapumui, na kwenye mstari unaopita chini ya kidole gumba, imenata kwa jasho, dhahabu ilikuwa inang'aa.

"Nilidhani ni ngozi yangu," akasema.

Nilikichukua kibano, kisha nikakirudisha chini. Nikamwambia aidondoshe mwenyewe. Akageuza kiganja juu ya ubao, akaisukuma kwa ncha ya kidole, ikaenda ikiyumba mpaka ikakaa.

"Tumwage tena," akasema.